Kambi za kulala nje: maswali ambayo wazazi hutuuliza kila likizo

Likizo ikikaribia, iwe ya Mei, ya Agosti au ile ndefu ya Desemba, simu yangu haipumziki. Wazazi wa Kampala, wa Bombo, wa Jinja, na wale waliotoka Kongo ambao kwao neno "kambi" lina uzito wake, wote huuliza mambo yale yale kwa maneno tofauti. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu tunayotoa sisi tunaowapeleka watoto wao kambini. Ukiyasoma utaona kwamba kanuni zetu nyingi zinambana mtu mzima kabla ya kumbana mtoto. Tumefanya hivyo kwa makusudi.

Mtoto wa umri gani anaruhusiwa kulala?

Kuanzia miaka 10. Wa miaka minane na tisa huja asubuhi, wakacheza, wakala, jioni mzazi akawachukua. Tuliwahi kuwalaza wa miaka minane. Saa nane za usiku nilikuwa nimekaa kwenye jerikani iliyopinduliwa na kiongozi mwenzangu, katikati yetu mtoto analia kwamba anataka kitanda cha bibi yake. Hatukurudia.

Upande wa juu ni mgumu zaidi. Kwa sheria ya Uganda mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kijana akifikisha 18 hawezi tena kulala hema moja na rafiki yake wa 16, hata kama mwaka jana walilala pamoja na mwaka juzi pia. Ama aje kama kiongozi msaidizi, akachunguzwa kama sisi wengine, ama asubiri kutusalimia tukirudi. Vijana wengi hulikasirikia hili na ninawaelewa.

Mnakwenda na wakubwa wangapi?

Mkubwa mmoja kwa watoto sita ikiwa wako chini ya miaka 13, mmoja kwa wanane kwa waliozidi hapo. Lakini hata tukiwa na watoto saba tu, hatuondoki na wakubwa chini ya wanne: wanawake wawili, wanaume wawili, na aliye zamu ya uongozi awe ametimiza miaka 21.

Kwa nini wanne? Piga picha saa saba za usiku mtoto amevunjika mkono. Wakubwa wawili wanaondoka naye kwenda hospitali. Kambini lazima wabaki wawili. Ukiwa na watatu, mmoja anabaki peke yake na watoto wote mpaka asubuhi, na hapo kanuni yetu kubwa kuliko zote imevunjika.

Kanuni hiyo kubwa ni ipi?

Mkubwa mmoja hakai na mtoto mmoja mahali ambapo hawaonekani. Si kwenye hema, si kwenye gari, si njiani kwenda chooni, si kwenye ushauri, si kwenye maombi. Mtoto akitaka kuzungumza na kiongozi jambo la siri, wanakaa pale chini ya mti ambapo kila mtu anawaona na hakuna anayewasikia. Akiamka usiku anaumwa tumbo, kiongozi humwamsha kiongozi wa pili kwanza, ndipo wanafungua zipu ya hema. Skauti kote duniani wanaishi kwa kanuni za aina hii. Wale wa Marekani wanadai wakubwa wawili waliosajiliwa, kila mmoja wa miaka 21 au zaidi, katika kila shughuli.

Wazazi huniambia: "Lakini mwanangu anampenda sana Mwalimu fulani, ni kama baba yake." Ndiyo. Na mtu mwenye nia mbaya hujenga nini kwanza kama si mapenzi hayo? Huanza na mtoto, halafu hummalizia mzazi kwa zawadi na lifti. Simtuhumu mwalimu wa mtu. Kanuni hii inamlinda hata yeye, maana akizushiwa jambo, mwenzake alikuwepo.

Sheria nayo haina mchezo. Mtu aliyekabidhiwa mtoto, akamfanyia tendo la ngono, hushtakiwa kwa ngazi nzito zaidi ya kosa hilo katika Kanuni ya Adhabu, kwa sababu alikuwa na mamlaka juu yake. Kiongozi wa kambi ni mtu wa aina hiyo. Tunamsomea kila anayejiunga nasi, kwa sauti, kabla hajapewa fulana.

Viongozi mnawachunguzaje?

Cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na ofisi ya Interpol ya polisi, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji au mtaa anakoishi, na watu watatu tunaowapigia simu sisi wenyewe. Cheti kinasema tu kwamba mtu hana rekodi ya uhalifu polisi, kwa hiyo mimi huamini zaidi zile simu. Huuliza swali moja: "Ungemwachia binti yako kwa siku tatu?" Mtu akisita hata kidogo, nimepata jibu. Anayekuja mara ya kwanza hapewi zamu ya usiku hadi kambi ya tatu.

Nani analala na nani?

Wasichana upande mmoja, wavulana upande mwingine, na hema za viongozi katikati na pembeni, karibu kiasi cha kusikia mtoto akikohoa. Wakubwa hawalali hema moja na watoto. Mzazi anaweza kulala na mtoto wake, basi. Katika hema moja hatuchanganyi watoto waliopishana zaidi ya miaka miwili. Wa 11 si mwenzake wa 16 hata wakiwa binamu. Kuhamahama hema usiku ni marufuku, na sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Usiku nani yuko macho?

Zamu tatu, wawili wawili: saa tatu mpaka sita, sita mpaka tisa, tisa mpaka kumi na mbili. Wana tochi, filimbi, saa na daftari. Kila saa wanapita na kuhesabu, wanaandika idadi na kutia saini.

Miaka kadhaa iliyopita tulihesabu tukapata 23 badala ya 24. Zamu iliyotangulia ilikuwa imeuliza mlangoni mwa kila hema, "Mko wote?", na sauti ya usingizi ikajibu, "Tupo." Tukahesabu tena: 23. Ziwa lilikuwa mita mia mbili chini yetu. Sitawaeleza nilichowaza. Dakika ya kumi na moja tulimkuta mtoto amelala kwenye kiti cha nyuma cha basi, amejifunika pazia la dirisha, kwa sababu mwenzake alikuwa anakoroma. Tangu siku hiyo hatuulizi. Tunafungua zipu kutoka nje, wawili, tunamulika chini, tunahesabu miguu na kugawa kwa mbili.

Je, wanaruhusiwa kuwasha moto?

Moto mmoja wa kambi, uliozungushiwa mawe, mbali na mahema na upande ambao upepo hauelekei kwao. Ndoo mbili za maji na moja ya mchanga hukaa hapo hapo. Kabla ya kulala tunaumwagia maji, tunachakura, tunamwagia tena, mpaka uweze kuweka kiganja juu ya majivu.

Ndani ya hema hakuna mshumaa, hakuna dawa ya mbu ya kuchoma, na hakuna sigiri. Hili la sigiri nalirudia kila safari kwa sababu usiku wa baridi kama wa Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kuna mtu huja na wazo la kuingiza makaa "yaliyokwisha kushika vizuri, hayana moshi." Makaa yasiyo na moshi bado yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu hupata usingizi mtamu, asiamke. Baridi ikizidi tunaongeza blanketi, soksi na chai.

Mvua ikituhamishia ukumbini, mlango haufungwi kwa kufuli, ndani wala nje. Oktoba 2022 moto uliua watu 11 kwenye bweni la shule ya watoto wasioona huko Mukono. Kinachotuhusu sisi ni njia ya kutokea. Anayeogopa wezi akae mlangoni, ndiyo kazi ya zamu.

Radi je?

Hapa ndipo mzazi wa Uganda ana haki ya kuogopa. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao wakiwa darasani Runyanya, Kiryandongo. Novemba 2024 iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wengi wao vijana. Kuwa chini ya bati si kinga, na hema ndiyo kabisa.

Mahali salama tulipo napo ni basi: bodi ya chuma, vioo vimefungwa, mikono haigusi chuma. Ndiyo maana basi letu hulala nasi. Mwanga ukimulika tunahesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikifika 30 au chini, filimbi inalia mara tatu na kila mtu anaingia basini, hata kama posho (ugali) iko jikoni. Tunatoka nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Watoto huchoka, huimba, hugombana. Sawa tu.

Ndiyo sababu ada ni kubwa kuliko ya makundi mengine?

Ndiyo. Basi kulala siku tatu na dereva kulipwa si bei ya kushusha watu na kuondoka. Lakini ndilo gari la wagonjwa na ndilo kinga ya radi, na dereva aliyelala usiku mzima haendeshi akisinzia. Hatusafiri gizani: jua la kwetu huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na saa kumi na moja tunataka tuwe tumefika.

Mnapiga kambi ziwani. Wanaogelea?

Kaazi, uwanja wa skauti ulioko ufukweni mwa Ziwa Victoria, ni pazuri sana na maji yake yanavutia. Hawaogelei. Kichocho kiko ziwani, kinaingia kwenye ngozi ukisimama tu majini penye matete na konokono, na zaidi ya hapo hatuna waokoaji waliofunzwa. Wanaoga maji ya bomba.

Boti ni jambo jingine. Novemba 2018 boti ya starehe iliyojaa kupita kiasi ilizama ziwani upande wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa. Kijana hapandi chombo chochote bila jaketi la kuokolea lililofungwa kifuani. Lililokaliwa kama mto si jaketi. Majaketi yakipungua, hatupandi.

Na mapango?

Pango lenye popo hatuingii, hata mwongoza njia akisema watu mia wameingia wakatoka. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alitembelea pango la popo kwenye msitu wa Maramagambo, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, akarudi kwao na virusi vya Marburg, akafa. Popo wenyewe hawaonekani kuumwa. Vijana wanaopanda Sipi hunung'unika sana kwa hili, na mimi huwaacha wanung'unike.

Wanyama, nyoka?

Ndani ya hifadhi tunafuata askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na neno lake ndilo la mwisho. Kambi ya ufukweni pale Ziwa Mburo, viboko hutoka majini usiku kula majani, hata katikati ya mahema. Hapo hakuna kutoka kwenye hema bila kiongozi kumulika kwanza.

Nyoka: viatu vinakung'utwa asubuhi, hakuna kutia mkono kwenye rundo la kuni. Aliyeumwa analazwa, kiungo kinafungwa ubao kisitikisike, tunaondoka. Hakuna kuchanja, kunyonya, kufunga kamba wala kuweka jiwe jeusi. Hatumsaki nyoka pia.

Lakini kilichowahi kutuamsha wote kwa mayowe ni siafu. Walipita chini ya hema la wasichana saa kumi alfajiri, na ukweli ni kwamba siku hiyo nilijifunza jinsi hema la watu watatu linavyoweza kutoa watu watatu kwa sekunde nne. Sasa kabla ya kusimika tunazunguka uwanja tukitafuta njia zao, na chakula hakilali ndani ya hema hata kama ni nusu chapati.

Mwanangu ana selimundu. Mtamkataa?

Hapana, ila tukutane kabla. Nchini kwetu hili si jambo la wachache: utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta watoto 13.3 kwa mia wana chembe ya selimundu bila kuugua na 0.7 kwa mia wana ugonjwa wenyewe. Baridi, kiu na uchovu huamsha maumivu, kwa hiyo mwenye ugonjwa hatumpandishi Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Anakuja kambi za bondeni, ana chupa ya maji isiyokauka, na haogi maji baridi alfajiri.

Dawa zote, za pumu, kifafa na nyinginezo, anakabidhi mzazi mwenyewe, zikiwa kwenye pakiti yake, na karatasi ya saa na kiasi. Pampu ya pumu tu ndiyo inakaa mfukoni mwa mtoto. Na tafadhali, usifiche ugonjwa kwenye fomu ukiogopa aibu. Hiyo fomu huisomi wewe usiku wa manane, ninaisoma mimi.

Hatupigi kambi mahali palipo zaidi ya saa moja kutoka hospitali au Kituo cha Afya cha daraja la nne, maana hapo ndipo panapotarajiwa daktari na chumba cha upasuaji. La tatu ni la homa na kidonda. Tunampigia daktari wa zamu kabla ya safari na kumwambia tupo.

Malaria?

Kila mtoto analala kwenye chandarua, hata kama hema lina wavu, kwa sababu zipu za mahema ya kukodi tunazijua. Mtoto akipata homa ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kurudi, mpeleke akapimwe na useme alilala kambini. Malaria haionekani kesho yake.

Msichana akianza kupiga mayowe usiku na wenzake wakasema ni mapepo?

Hutokea, na likiachwa linasambaa kama moto wa nyasi. Viongozi wawili wa kike humtoa kwa upole, humkalisha mbali na wenzake, humpa maji, humfunika. Wengine hurudishwa mahemani na kuimbishwa. Hatufanyi duara la maombezi saa nane za usiku, na ninasema hivi nikiwa mtu wa dini. Umati ndio unaolisha hofu. Asubuhi tunampigia mzazi. Mara nyingi kuna jambo mtoto analibeba kutoka nyumbani au shuleni, na mara nyingi ni njaa na usingizi tu.

Mnaadhibu vipi?

Bila fimbo. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni na sisi hatujioni tuko juu ya shule. Hakuna kunyimwa chakula, kupigishwa magoti wala kuamshwa usiku. Kosa dogo ni kuosha masufuria. Pombe, kisu au kuingia hema la upande mwingine, mzazi anakuja kumchukua siku hiyo hiyo, kwa gharama yake, hata kambi iwe mbali kama Kapchorwa.

Simu na picha?

Simu zinakaa kwa kiongozi na hurudishwa saa moja jioni kwa nusu saa. Picha tunapiga sisi, na hatuweki mtandaoni uso wa mtoto ambaye mzazi hakusaini. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inataka idhini hiyo.

Chakula na ibada?

Nyama ni ya halali kwa wote, huchinjwa na Mwislamu, ikatuepusha na vyungu viwili. Muda wa swala upo kwenye ratiba. Wasabato hawapangiwi kazi Jumamosi.

Sisi tulilala kwenye hema Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, miaka mitano. Kwa nini nilipie mtoto alale tena kwenye hema?

Mama mmoja aliniuliza hivi na sikuwa na jibu siku ile. Baadaye nilimwomba aje usiku wa kwanza akae nasi. Alikaa karibu na moto mpaka saa tano, akamtazama binti yake akifunga kamba ya hema na kumfokea mvulana aliyeikanyaga, akacheka. Asubuhi aliondoka. Kama hutaki, usilipe, hakuna atakayekusema. Ukitaka kuja kuona kwanza, nafasi ipo na hutoi ada.

Mtoto akiniambia baada ya kambi kwamba kuna mtu alimfanyia jambo?

Msikilize, usimhoji kama polisi, usimwoshe wala kufua nguo zake, na usinipigie mimi kwanza. Piga 116, simu ya bure ya watoto iitwayo Sauti, au nenda kituo cha polisi kwenye kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Halafu hospitali mapema: dawa ya kuzuia VVU lazima ianze ndani ya saa 72. Kundi letu halikai kikao cha "kuyamaliza nyumbani", na kiongozi yeyote atakayekuja kwako na pesa au mbuzi wa suluhu, mtaje kwa polisi pia. Anayetajwa anasimamishwa siku hiyo hiyo, awe mimi au mwanzilishi wa kundi.

Tunawachukua wapi na saa ngapi?

Pale pale mlipowaacha, saa kumi jioni. Mtoto anaondoka na mtu ambaye jina lake liko kwenye fomu, na kitambulisho tunakiangalia hata kama ni mjomba tunayemjua. Bodaboda uliyemtuma, hata awe wa jirani na wa kuaminika, tutamrudisha mikono mitupu. Mtoto atakaa nasi kwenye ngazi za basi, wakubwa wawili wakiwa naye, mpaka ufike.